Mtoto wa Jirani Anamrukia Binti Yangu Kamba

Machi 19

Kwa Shangazi Wen wa safu ya ushauri,

Naomba unisaidie maana nimefika mwisho wa akili. Mke wangu Suzhen alifariki miaka mitatu iliyopita kwa ugonjwa wa tumbo, nikamtoa binti yetu Ruoxi kijijini, alikokuwa akipanda kilima kila asubuhi kwenda shule, nikamleta hapa mjini pamoja na mama mkwe, na sasa ana miaka kumi na miwili na kilo sitini na nne, anapelekwa shule kwa pikipiki ya umeme ingawa lango la shule tunaliona dirishani, na akifika ghorofa ya tatu anakaa kwenye ngazi kutafuta pumzi. Hajamaliza bakuli, bibi yake keshamwongezea nyama ya nguruwe. Nikisema, "Mama, inatosha," ananijibu, "Kahesabu mifupa ya watu wengine. Mjukuu wangu hakondi mbele ya macho yangu."

Mwalimu anataka kila siku tutume video ya mtoto akiruka kamba dakika moja. Mimi narudi kutoka kazini nimechelewa, nikamwachia mama. Kumbe tangu mwezi uliopita anamvalisha Axiu, mtoto wa jirani aliyekuja juzi juzi kutoka milimani na anaruka kama mbuzi, koti la Ruoxi, kisha anampiga video kutoka mgongoni! Jumatatu mwalimu akaandika kwenye kundi la wazazi: "Hongera Ruoxi, mara mia na sabini! Ijumaa utaruka kwa niaba ya darasa, mbele ya shule nzima." Ruoxi amejifunika blanketi, hataki kutoka. Mama mkwe anasema, "Mwambie mwalimu kavunjika mguu." Nimechoka, Shangazi. Suzhen alikuwa akiruka naye uani kwa kamba ya kuanikia nguo, wakihesabu kwa kupokezana. Nifanyeje?

Qiu Baotian

Baotian,

Pole kwa kufiwa. Sasa nisikilize. Mwezi mzima nyumba yako inatuma video za mgongo na hukuuliza uso uko wapi? Mama mkwe kadanganya, ndiyo, lakini wewe ulimkabidhi jiko, pikipiki na simu, ukabaki na kazi ya kulalamika. Na kuna jambo hukuliona: mama huyu alimtazama binti yake akikonda mpaka akaisha. Anaogopa. "Inatosha" yako haitamponya. Wapeleke bibi na mjukuu kwa daktari, bibi amsikie mwenyewe akisema kwamba mtoto huyu hafi kwa kupunguza bakuli moja.

Kesho, kabla ya kengele, kamwone mwalimu, uso kwa uso, si kwenye kundi. Sema: "Aliyeruka ni Axiu. Kosa ni letu watu wazima." Axiu apewe sifa yake. Halafu umwombe Ruoxi msamaha, na kumwita mnene iwe mwiko nyumbani, hata kwa mzaha. Funguo za pikipiki kaa nazo wewe. Yeye na bibi yake watembee. Na mara mbili kwa wiki urudi mapema uruke naye, hata ukianguka akucheke.

Mwezi ujao, siku ya kuwakumbuka wafu, mkienda kufagia kaburi la Suzhen, mwacheni mama alie mpaka atosheke. Siku hiyo mnikumbuke na mimi, maana nami nina wangu wa kulilia.

Shangazi Wen