Mapigo Haishuki

Mardi, mangaribi

Mukono ya Mado ilikuwa baridi, yangu jasho tupu. Leo ku masomo ya infirmière, kazi ya kutunza bagonjwa, tulijifunza moyo na damu, kisha mwalimu akasema tupimane mapigo. Mado, tunakaaka naye meza moja, akahesabu yangu dakika nzima.

"Mia moja na makumi mbili! Unaogopa nini?"

"Nilikuya mbio." Nilimudanganya.

"Jana nilisaidia ku gare. Bale Bakasai benye kufukuzwa mu jimbo yetu, benye kungojea train ya kubarudisha kwabo, mapigo yabo ilikuwa vile vile."

Akaniangalia. Mi nikavuta mukono yangu.

Mu klasi hakuna mutu anajua kama mama alizaliwa Kasai. Jina ya baba, mutu wa Sandoa, wa hapa jimboni, ndiyo inatufichaka.

Kesho tutapimana tena. Nimejishika mukono, ninapumua polepole, ninahesabu. Haishuki.