Kadi ya Sauti Aliyoichagua Shomari

Temeke, Jumamosi, Juni 1998

Bora ningekwenda peke yangu. Lakini Shomari akisikia unakwenda Kariakoo kutafuta vifaa vya kompyuta ya muziki, utamzuiaje? Tuko naye kwenye bendi tangu ujana, mie kinanda, yeye dramu.

Muuzaji alitujaribishia kadi mbili za sauti. Mie nilitaka ile ya bei nafuu, hela inayobaki niongezee memori. Shomari akanishika mkono.

"Subiri, braza. Mwambie arudie ya pili, nisikie dramu zake."

Akafumba macho, vidole vikigonga kaunta. "Hii ndiyo yenyewe! Sikia ngoma kubwa inavyopiga. Utadhani mie!" Akacheka, muuzaji naye akacheka.

Nikainunua.

Anaamini ni ya kurekodia bendi. Sijamwambia kwamba mwenye ukumbi wa Mbagala anataka watu wawili tu, mwimbaji na mie, dramu zipigwe na kompyuta. Wala sijamwambia kwamba wiki iliyopita nilishakubali. Nina watoto, ningefanyaje? Naye anao.

Kurudi, boksi alibeba yeye, eti mie mgongo unanisumbua. Akamwamkia mama shikamoo, chai akakataa. Akiwa mlangoni akageuka.

"Ukishaifunga niite, nije niifundishe kupiga."

Hapo ndipo ningesema. Mama alikuwa ameingia ndani, tulikuwa wawili tu.

"Nitakuita," nikamjibu, macho yangu yako kwenye boksi.

Nafsi inanisuta. Kesho tuna mazoezi, na yeye huwa anawahi kuliko wote.