Mafuta ya Alizeti kwenye Fremu

Jumanne

Silikoni ya kuzibia vioo imebanduka tena. Madirisha ya mashua ya marehemu baba nimeyawekea vioo vipya, bado yanavuja, na mvua zimekaribia. Jana nilimgombeza muuza duka kwamba kaniuzia feki.

Leo nimewahi ziwani Singidani, nikamkuta mama ndani ya mashua, ana kitambaa na mafuta ya alizeti, anapaka fremu zote.

“Nakusaidia, mwanangu. Baba yako alikuwa anapaka hivi ili maji yateleze.”

Kumbe ndiyo maana silikoni haishiki. Nilitaka kufoka, lakini tangu msiba sijamwona mama akishika kazi kwa moyo namna ile.

Nikamwambia makasia ndiyo yamekauka sana. Ameyapaka yote mawili, akaniuliza kama yapo mengine.