Shingo Imegeuka

Riruta, 9 Februari 2008. Miaka thelathini na moja tangu nitoke Kitui, wiki tano tangu tukimbie ghasia za uchaguzi Kibera.

Siku hiyo pikapu iliyotubeba pamoja na vitu vyetu iligongwa kwa nyuma, na shingo yangu ikakauka. Mwende, mke wa mwanangu, aliifunga leso, akataka kumwita mkandaji aivute.

Leo muuguzi wa zahanati ameifungua. “Mzee, hii haivutwi wala haifungwi. Misuli ilivutika. Igeuze pole pole kila siku. Mikono ikifa ganzi, rudi haraka.”

“Na vile amekuwa akitembea kama askari wa gwaride!” Mwende akacheka.

Niliogopa nitabaki hivyo. Jioni nimegeuza kichwa, kwa maumivu kidogo, hadi kwenye dirisha linaloelekea Kibera. Chumba changu kule kina mtu mwingine.

Nimetazama vya kutosha. Sitarudi.