Mashine ya Kupima Mbio za Risasi, na Mimi Ndiye Naingia Kichakani

Mama mshauri,

Pole na kazi. Kuna jambo imenikaa kwa roho, naomba unisaidie. Kuandika sijui sana, utanivumilia.

Mimi ni mtu wa kibarua. Nafanya kwa shamba ya mahindi huku Endebess, mbele ya Kitale. Kwetu ni Kimilili. Bibi yangu Nasambu alikufa mwaka juzi, akaniachia watoto watatu.

Mwenye shamba ni Mzee Kipkemboi. Huyo mzee nitamshukuru mpaka nife. Nasambu akizidiwa yeye ndiye alitoa pikapu akampeleka hospitali, na alipokufa akatoa hiyo pikapu tena tukampeleka nyumbani, na ng'ombe ya matanga akatoa, na akakaa pale na sisi mpaka mchanga ikaisha kurudishwa kaburini, na mpaka leo hajanitajia hata siku moja, na mshahara hajakata. Sasa mtu kama huyo unamwambia hapana na mdomo gani?

Shida ni hii. Nguruwe mwitu wanashuka kutoka msitu wanamaliza mahindi. Mzee ako na bunduki na kibali. Yeye anapiga. Mimi naingia kichakani na mkuki kumaliza yule amepigwa. Ndiyo kazi yangu mahindi ikianza kukomaa.

Mwezi uliopita akapiga dume kubwa. Bunduki ililia mpaka ng'ombe wakaruka boma. Mzee akasema, "Ingia, Wekoye. Huyo amekwisha. Si umesikia mlio?"

Nikaingia. Hakuwa amekwisha. Alinirukia akapasua kiatu ya gambuti na nyama ya mguu. Mkuki ndiyo iliniokoa. Mzee alivua shati yake akanifunga mguu. Tulipochuna huyo nguruwe tukapata risasi imelala tu kwa mafuta chini ya ngozi. Haikufika ndani. Na vile ililia.

Mzee akasema sasa hajui risasi gani iko na nguvu na gani haina. Ni za miaka mingi. Mama Jerop, bibi yake, anaziweka kwa mkebe juu ya moto jikoni, pale mahindi ya mbegu inaning'inia, ndiyo zisishike unyevu.

Sasa kuna mzungu hapa Kitale, mtu wa kulenga shabaha, anahama anauza vitu. Ako na mashine mbili za kupima mbio ya risasi. Unaweka mbele ya bunduki, risasi inapita juu ya macho mbili, mashine inaonyesha namba. Moja ni kubwa, macho yake imeachana mbali na inatoa karatasi. Kununua hiyo mzee atauza ng'ombe wa maziwa. Ingine ni kisanduku tu, inakunjwa, inatumia betri ya mraba ile ya redio ndogo. Hiyo si ghali.

Mzee ananiambia, "Chagua wewe. Wewe ndiye unaingia."

Mwenzangu wa kazi, Kimeli, anacheka. "Chagua kubwa bana. Ng'ombe ni yake, tumbo ni yako."

Lakini mzee akiuza ng'ombe ingine juu yangu nitamwangalia namna gani? Na nikichagua ndogo na iseme uongo, watoto wangu watabaki na nani? Na ukweli ni kwamba naogopa kuingia huko, mashine iwe iko ama haiko. Hiyo sijamwambia. Mtu amenizikia bibi, nitaanzaje?

Nashukuru kama utanijibu. Na kama hutanijibu, nashukuru kwa kusoma.

Jotham Wekoye,
Endebess, Agosti 1989.


MAMA LENAH ANAJIBU

Bwana Wekoye, pole kwa Nasambu, na pole kwa mguu. Umejaza karatasi na habari za mashine, halafu swali lako lenyewe ukaliweka chini kabisa, kama mtu anayeingia mkutanoni kwa mlango wa nyuma. Nitajibu yote mawili.

Bunduki mimi siijui. Barua yako nilimsomea Mzee Kipsang, aliyekuwa fundi wa silaha jeshini na sasa anafuga kuku hapa Bungoma. Alisikiliza vizuri mpaka nikafika pale pa jikoni. Akaweka kikombe chini.

"Soma tena hapo. Wanakausha risasi kama mbegu?"

"Ndivyo ameandika."

"Basi mwambie kwamba nguruwe hana makosa."

Moshi na joto huzuia wadudu wasile mahindi. Baruti haina wadudu. Ukiipika juu ya moto mwaka baada ya mwaka inaharibika, risasi moja inatoka na nguvu na nyingine inatoka imechoka, na kwa macho zote zinafanana. Mlio nao hausemi kitu, wewe umeshaona. Usimlaumu Mama Jerop, alitunza kwa njia anayoijua. Lakini sheria inataka risasi zifungiwe kwa kufuli, na jikoni watoto wanaingia na kutoka. Hilo mzee wako alitakiwa kulijua.

Hizo za jikoni msizipime hata moja. Kipsang anasema risasi iliyochoka inaweza kukwama ndani ya mtutu, na ukipiga inayofuata bunduki inapasuka usoni mwa mpigaji. Mzee wako azipeleke kituo cha polisi, awaeleze zilivyokaa, kisha anunue mpya na kuzifungia mahali pa baridi.

Mashine chagua ndogo. Ile kubwa ni ya watu wa mashindano, wanaobishana juu ya tofauti ambayo nguruwe hawezi kuijua. Ninyi mnataka kuona kama risasi za boksi moja zinakwenda mbio karibu sawa, na namba zisiwe chini sana ya ile iliyoandikwa kwenye boksi. Ndogo inatosha. Ila kabla ya kulipa, mwambieni mzungu aijaribu mbele yenu kwa risasi zake mpya. Namba zikirukaruka, iacheni. Mwulizeni pia kama bado ana vile vifuniko vyeupe vya kukinga jua kali, maana bila hivyo macho ya mashine hupofuka mchana. Nyumbani iwekeni nje uwanjani, msiiweke chini ya mabati ya ghala, inataka mwanga wa juu. Isikae karibu na mdomo wa bunduki, upepo wa baruti utaidanganya. Iwe mbele hatua kadhaa. Na mzee atoe komeo la bunduki kwanza, kile chuma cha nyuma kinachofunga risasi, achungulie ndani ya mtutu ahakikishe unaelekea katikati ya nafasi iliyo juu ya macho ya mashine. Anayelenga kwa kilengeo cha juu ya mtutu tu hupiga mashine yenyewe. Kipsang alicheka sana hapo, nadhani anamjua aliyefanya hivyo.

Sasa wewe. Mashine hupima risasi iliyokwisha kwenda. Ile itakayompiga nguruwe haijapimwa na haitapimwa, hata mngenunua ile ya bei ya ng'ombe. Kwa hiyo woga wako una akili. Acha kuuonea haya.

Na nani alikwambia shukrani inakataza mtu kusema? Mzee aliyekufunga mguu kwa shati lake hakukupa uchague kwa sababu ya ubahili. Anakuuliza, na wewe unamjibu habari za betri. Unamheshimu kwa kumficha jambo ambalo angetaka sana kulijua. Huko ni kumkosea, Wekoye.

Nenda asubuhi, kabla hamjaanza kazi, Kimeli asiwepo na utani wake. Simama mbele yake, sema hivi: "Mzee, mambo uliyonifanyia siwezi kusahau. Nunua ile ndogo. Lakini kichakani naogopa. Nguruwe akiingia amejeruhiwa, tungoje, mbwa waende kwanza, na wewe mwenye bunduki utangulie. Mimi nitafuata nyuma yako." Usiongeze kitu. Usiombe msamaha. Atanyamaza kidogo, na wewe utataka kusema, "Basi mzee, wacha tu, nitaingia."

Usiseme. Mwache anyamaze mpaka ajibu.