Rekodi ya Umazi Mliyoipiga Pasi

Kaka Tsuma,

Shikamoo. Natumai mama kifua kimempa nafuu, na mvua imewafikia nanyi hapo Ukunda. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku Ujerumani inanitafuna. Kazi ni ile ile: nasikiliza rekodi za piano na vinanda vya kanisani, kisha naandika mpigaji amepiga vipi na sauti imenaswa vipi. Juma lililopita nilishinda na kinanda kilichorekodiwa ndani ya kanisa kubwa mno, mwangwi umemeza kila kitu, ungedhani mpigaji yumo kisimani. Nikaandika hivyo hivyo.

Kaka, nina hasira nawe.

Rekodi ya mdogo wetu Umazi ilifika kwa mwalimu wa chuo cha muziki cha huku anakoomba nafasi, naye akampa rafiki yake Bi Helga, mkuu wangu wa kazi, aisikilize. Bi Helga akaniita. Sikumwambia kwanza kwamba ni damu yangu. Tukasikiliza. Kila noti ina nguvu sawa na mwenzake. Mahali pa kutua, hapakutuliwa. Juu yake mwangwi wa kubandika, kama karaoke za hoteli za Diani.

"Huyu mtu hapumui?" Bi Helga akauliza. "Hii ni mashine. Mwalimu amekwisha kumkataa."

Aibu ikanishika, nikakupigia simu. Wakumbuka ulivyonijibu? "Nilimpelekea rafiki yangu wa studio aisafishe. Umazi alikuwa anakawia pale katikati, tukamnyoosha. Si ulitaka isikike vizuri?"

Kukawia kule ndiko kupiga kwenyewe! Nimemsikia Umazi akiupiga wimbo ule kwenye piano ya kanisa, kunguru wanapiga kelele juu ya mabati, na bado pale anapochelewa kushuka, mtu hujishika kifua. Nyinyi mmeupiga pasi ukawa kama shuka ya gesti. Rekodi chafu husameheka, Kaka. Mpigaji aliyefutwa nitamsifu kwa lipi?

Na hilo si kubwa. Kubwa ni kwamba mama ananiambia tangu Umazi akataliwe hagusi tena piano, eti ana mikono mizito. Nawe unakula naye meza moja, ukweli unaujua, umenyamaza! Wewe ni mkubwa wangu na heshima yako ipo, lakini huo ni uoga.

Nimemweleza Bi Helga yote. Amezungumza na mwalimu, naye amekubali kusikiliza tena kabla mwezi haujaisha. Mrekodi upya kanisani: weka simu juu ya benchi la pili, acha madirisha wazi, kisha toka nje. Usiguse kitu.

Nisalimie mama, shangazi yetu wa Msambweni, na mzee wa kwaya aliyemfundisha Umazi. Barua hii umsomee Umazi kwa sauti, mama akiwapo. Ukifika hapa, mtazame usoni umwambie: mikono yako haina kosa, kosa ni langu.

Nduguyo akupendaye hata akiwa na hasira,
Mbeyu