Giboni Dume Hakuwa na Kosa

Dada yangu Zaituni,

Shikamoo. Ukishaitikia, keti kwenye mkeka, vaa miwani, na watoto uwatume nje wakacheze, maana barua hii nataka uisome kwanza peke yako. Najua unasema, "Rama naye, dunia nzima ina simu, yeye anaandika barua." Sema tu, dada. Sababu ninayo, nitaifikia. Kwanza niambie, magoti yanaendeleaje? Ile sukari uliyokatazwa na daktari umeiacha, au bado unaificha kwenye kopo la majani ya chai ukidhani hatujui? Na uwele mwaka huu umekaaje, au ndege wameshakuwahi?

Mimi huku mwili upo. Baridi imeanza, nimenenepa, upara umefika kisogoni, na kuna giboni mmoja mwenye tabia ya kunikojolea huo upara kila asubuhi nikipita chini yake na ndoo. Wewe unayewaambia watu wa Kondoa kwamba mdogo wako ni mtaalamu wa wanyama Ulaya, ungeniona saa hiyo ungeingia ndani na kufunga mlango.

Habari yangu inaanza na hao giboni. Mwaka jana nilitolewa jikoni, nilikokuwa nakata matunda ya wanyama miaka yote, nikapewa kusafisha vizimba vyao. Giboni si kama nyani wanaokumalizia mahindi shambani. Hana mkia, mikono yake mirefu kuliko mwili, na asubuhi dume na jike wanaimba kwa kupokezana, huyu anaanza, yule anamalizia. Tuna jike wa siku nyingi. Dume aliletwa kutoka bustani nyingine ya wanyama, wakapata mtoto. Mtoto alipopimwa damu akakutwa na homa ya ini aina ya B, jina lile lile lililomwondoa mdogo wetu Idi. Wakapimwa wazazi, nao wote wawili wanacho kirusi.

Unajua nani alinyoosha kidole wa kwanza? Mimi. Nilisimama na ufagio wangu nikasema, "Kaleta huyu mgeni. Kabla hajaja mlishasikia ugonjwa hapa?" Jike hakuwahi kupimwa kabla ya hapo, lakini hilo sikulifikiria. Nilisema kwa sauti kubwa, na mtu akisema kwa sauti kubwa huonekana anajua. Dume akatengwa nyumba ya nyuma. Ikawa kila asubuhi anaanza wimbo kule nyuma ya ukuta. Siku za mwanzo jike alimjibu. Baadaye akanyamaza, na dume akawa anaanza wimbo, anangoja, anaanza tena.

Kuna mama mmoja daktari wa maabara, mfupi, mcheshi, ananiita Bwana Ndoo. Miezi minne ikapita, siku moja akaniita. "Bwana Ndoo, njoo umwone mtu uliyemfunga."

Akanionyesha karatasi. Akasema kirusi hiki ni cha watu na cha jamaa hawa wa msituni pia. Sokwe wana chao, giboni wana chao, huko Amerika kuna kima mwenye manyoya mazito kama ya kondoo, naye ana chake cha mbali kabisa, na sisi binadamu tunavyo vya aina nyingi, kila upande wa dunia na aina yake. Ni kama mbuzi wanavyokatwa alama masikioni, ukiona sikio unajua zizi. Na hata ndani ya aina moja havilingani, kwa sababu kirusi kinapojinakili hukosea kidogo kidogo, na kosa hilo hurithiwa.

Hapo nilielewa, dada, kuliko hata alivyotarajia. Unakumbuka Idi alivyoniangalizia mtihani wa hesabu darasa la tano? Mwalimu akatusimamisha mbele. "Rama kakosea saba mara nane. Idi naye kakosea saba mara nane. Majibu ya kweli mnaweza kulingana, lakini na uongo mlingane? Nani kamwangalizia nani?" Idi akajibu, "Mwalimu, sisi ni ndugu." Darasa zima likacheka, tukachapwa wote.

Basi mtoto wa giboni alikuwa na makosa ya mama yake, mstari kwa mstari. Ya baba yake yalikuwa mengine kabisa. Mtoto alikipata kwa mama siku ya kuzaliwa. Dume alikuja na chake, akakaa nacho, hakumpa mtoto kitu. Daktari akasema, "Mgeni hakuwa na kosa." Nikacheka. Nikamwambia basi tumrudishe, tumwombe radhi kwa ndizi. Nilikuwa bado sijaona ninachoonyeshwa.

Kwa kuwa ugonjwa ulikuwa vizimbani, wasafishaji wote tukapimwa. Wenzangu walikutwa salama. Mimi ninacho.

Tulia, dada. Ini langu halijaharibika, nimeanzishiwa dawa, nitazinywa na nitaendelea kukusumbua. Nilimwuliza daktari kwa mzaha, "Ndiyo mikojo ya giboni hiyo?" Hakucheka. Alikisoma kirusi changu akasema si cha giboni hata kidogo. Ni cha watu, na ni aina ya kwetu, upande wa Afrika Mashariki. Akaniambia mtu mzima akiambukizwa, mara nyingi mwili wake hukifukuza wenyewe. Wanaobaki nacho miaka mingi mpaka ini linaharibika, wengi wao walikipata wakiwa wadogo. "Wewe inaelekea ulikuja nacho, Bwana Ndoo. Una ndugu?"

Nikamwambia nilikuwa na mdogo wangu.

Sasa naifikia sababu ya barua. Siku ile ya matanga ya Idi mlinipigia, mkaweka simu kwenye spika katikati ya sebule, watu wamejaa. Ukasema, "Rama, wewe uko na wataalamu huko. Mkewe kapimwa Dodoma, naye anao ugonjwa huu. Tuambie." Nikamsikia Mama Rehema akilia, "Shemeji, naapa sikumletea Idi kitu, nilimkuta hivyo hivyo na uchovu wake." Na mimi, mkata matunda, nikajikohoza kama profesa nikasema, "Unaambukizwa kitandani huo. Kama anao, basi kaleta yeye. Aondoke, watoto wabaki." Hata dakika mbili hazikutimia, kisha nikarudi kumenya papai.

Mwanamke aliyemwuguza ndugu yetu mpaka akawa anambeba mgongoni kumpeleka chooni. Tukamfukuza kwa sababu alitoka mjini na hakuwa wa kwetu.

Dada, kama mimi na Idi tulikuwa nacho tangu utoto, basi Idi aliingia nacho kwenye ndoa. Aliyepokea zawadi mbaya ni mkewe. Siwezi kukuapia, damu ya Idi haipo tena isomwe. Lakini mimi ninayo yangu, na mimi na Idi tulilala mkeka mmoja. Unakumbuka ulivyotunyoa kila sikukuu ikikaribia, alasiri, tumepanga foleni uani? Wembe ulikuwa mmoja. Aliyekatika unampaka majivu, wembe unaufuta kwenye kanga, unaita "mwingine". Labda ilikuwa hapo. Labda ilikuwa kwa ngariba. Labda marehemu mama alituzaa nacho bila kujua. Hakuna atakayejua, na sikuandikii hili ili ulale nalo kifuani. Ulikuwa msichana mdogo unalea watoto wa mama yako, ukataka tupendeze siku ya sikukuu. Mwenye kosa ni aliyesema kwenye spika jambo asilolijua.

Ninachokuomba ni hiki. Kapime na wewe. Watoto wa Idi, Rehema na Saidi, nao wapimwe, hata kama walichanjwa. Kisha panda nao basi uende Dodoma, Chang'ombe, kwenye kile chumba alichopanga Mama Rehema anakoshonea nguo, ukamkabidhi wanawe. Usimwite aje Kondoa. Sisi ndio tuliomtoa, sisi ndio wa kwenda. Umwambie pia ahudhurie kliniki, dawa zipo, asifanye kama Idi, kungoja mpaka tumbo likavimba.

Nenda mapema, dada. Dume tulimrudisha kizimbani wiki tatu zilizopita. Mtoto hakumtambua, alijificha kwapani mwa mama yake. Dume akaketi pembeni, katupa mgongo. Asubuhi anaanza wimbo wake kama zamani, na mimi nasimama na ndoo nikimwombea ajibiwe. Mpaka leo hajajibiwa. Saidi alikuwa na miaka mitatu mama yake alipoondoka. Sasa ana mitano.

Nisalimie baba mdogo Salumu, mwambie redio yake sijaisahau. Msalimie shangazi Mwajuma, na jirani yako mwenye mashine ya kusaga, na yule binamu yetu muuza mbuzi ambaye angeielewa habari ya masikio kuliko wote. Mkipita kaburini kwa Idi, mwambieni mwalimu alikuwa na haki ya kutuchapa wote.

Ndani ya bahasha hii kuna barua nyingine, ya Mama Rehema. Sikuibandika gundi. Isome kwanza wewe. Ukikuta mahali nimejitetea, pakate kwa kalamu, kisha umpelekee kwa mkono wako.

Mdogo wako, aliyekuwa na ndoo siku zote na kujiona ana kitabu,

Ramadhani